Nthenya Hakujua

Watu wa kwetu wakitaka kukuchosha, wanakuambia Mungu alishakusamehe. Nimeambiwa hivyo na wachungaji watatu, na kwaya ya akina mama, na mwanamke anayeniuzia chumvi sokoni Ikutha ambaye hata hajui nilifanya nini. Wote niliwajibu vibaya. Kwa miaka sita nilikaa benchi la mwisho kanisani, lile la karibu na mlango, na sahani ya mkate wa Bwana ikinifikia naipitisha kwa jirani bila kuigusa. Hakuna aliyenifukuza huko mbele. Nilijifukuza mwenyewe, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote ambaye angejaribu kunirudisha.

Kisa chenyewe kila mtu hapa alikijua, isipokuwa kipande kimoja. Mimi nitakisema chote, maana mficha uchi hazai, na mimi nilikaa tasa kwa muda wa kutosha.

Tuna mwethya, kikundi cha wanawake kumi na wawili tunaosaidiana kuchimba matuta mashambani ili mvua isituibie udongo. Wiki hii shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Mwenye shamba hapiki siku yake, kwa sababu jembe lake ndilo linatakiwa kutangulia majembe yote. Kikundi kina mpishi wake, na mpishi nilikuwa mimi. Sijisifu nikisema muthokoi wangu ulisifiwa mpaka mjini Kwa Vonza. Basi, najisifu kidogo. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi ganda likatoka, kisha yakapikwa na kunde au mbaazi, na kuna wanawake wanaotwanga maisha yao yote na bado ganda linakuja kukwama kwenye meno ya wageni. Langu lilikuwa halikwami.

Mwaka ule, kabla ya mvua ya Novemba, tuliletewa mbegu za msaada. Zilikuwa mahindi yaliyopakwa dawa nyekundu, na kwenye mfuko pameandikwa kwamba si chakula. Nilisoma. Nilifika darasa la saba, kusoma najua. Ikafika siku ya mwethya wa Kalondu, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji pamoja, na ghala zote kijijini zilikuwa zimekwisha. Wenzangu walileta walichopata: kunde vikombe viwili, mbaazi kidogo, kitunguu kimoja. Mahindi hakuna. Mtu mwenye akili angechemsha zile kunde, akapika na strungi, watu wakanung'unika na kwenda zao. Lakini mimi, Nthenya, niwape watu waliochimba tangu alfajiri chai bila maziwa na kunde za kuhesabu? Nilikuwa na jina la kulinda.

Nikachukua mbegu zangu. Nikajiambia hivi: dawa iko kwenye ganda, na kazi ya muthokoi ni kutoa ganda, kwa hiyo nikitwanga dawa itaenda na pumba. Nikatwanga mpaka punje zikawa nyeupe. Nikaosha mara tatu, na maji ya tatu yakatoka safi. Baadaye wanawake wengi waliniambia hata wao wangefikiri vivyo hivyo, na nadhani walisema kweli.

Watu kumi na mmoja walitapika siku hiyo. Kumi walipona. Wa kumi na mmoja alikuwa Mbithe, binti ya Kalondu, wa miaka minane. Alikuwa ametoka shule mchana, akapita shambani na sare yake, na mama yake akampakulia sahani pale ukingoni mwa tuta. Alifia njiani akipelekwa hospitali, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Kalondu.

Kwenye mazishi nilisimama mbali, nikingoja mawe. Kalondu alikuja akanishika mkono, akanivuta hadi kaburini, kisha akawageukia watu. "Nthenya hakujua," akasema. "Mtu asimguse. Hakujua."

Sasa kipande kile. Nilipomaliza kutwanga asubuhi ile, pumba nyekundu niliwamwagia kuku. Chungu kilikuwa ndiyo kwanza kimewekwa mekoni. Kabla hakijachemka, kuku wawili walianza kuyumba, wakaanguka karibu na kinu, wakafa. Nikajiambia ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kideri kilikuwa kimepita kwa jirani mwezi huo, kwa hiyo uongo ulikuwa karibu, sikuufuata mbali. Niliwaokota nikawatupa chooni, nikarudi kuchochea moto. Je, nilijua? Nimejiuliza swali hilo miaka sita, na jibu langu ni hili: nilijua kiasi cha kutosha kuwaficha wale kuku.

Ndiyo maana msamaha wao ulinikera. Ulikuwa wa mwanamke mwingine, huyo Nthenya ambaye hakujua. Mimi simfahamu huyo mwanamke. Nikila mkate wake, nitakuwa nimeiba juu ya kuua.

Mwaka huu, mwezi wa Agosti, Kyule mwana wa Kalondu akaamua kwamba mama yake hatazeeka peke yake. Kyule analima vitunguu na tikiti kwa maji ya mto kule Kibwezi, na amejenga nyumba yenye chumba cha mama. Safari iliwekwa Jumatatu. Alhamisi kabla ya safari hiyo, jua likiwa bado la asubuhi, Kalondu aliingia uani kwangu na leso iliyofungwa mahindi, akaiweka chini karibu na kinu.

"Nipikie muthokoi," akasema.

"Nani?"

"Kwani hapa kuna nani mwingine? Mimi siendi Kibwezi kama sijakula kwako."

"Kuna mkate. Kaa nikutengenezee chai na mkate."

"Mkate wako nimekula miaka sita, Nthenya. Mkate, mkate, kila siku mkate. Hata mzungu angechoka."

Ni kweli. Tangu siku ile sijampikia mtu. Najipikia mwenyewe, na mgeni akija namtuma mtoto wa jirani dukani. Huku kwetu kumnyima mgeni chakula cha moto ni tusi, na watu walishasema mengi, kwamba nimekuwa mchoyo, kwamba labda naficha uchawi jikoni. Niliwaacha waseme. Mdomo wa mtu hauna kifuniko.

"Sipiki," nikamwambia.

"Basi nakaa."

Akakaa kweli. Akaketi juu ya jerikeni, akavua viatu, akaanza kuniambia habari za vitunguu vya Kyule. Nilimpuuza. Akainuka akafagia uwanja wangu, uwanja niliokuwa nimeufagia alfajiri. Akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Jua likafika utosini na bado yuko, anaimba pambio kwa sauti ile yake mbaya, na mahindi yake yananitazama pale chini. Nikashindwa.

"Mama Kyule, unataka nini hasa?"

"Nataka ujue nimekusamehe."

"Najua. Kila mtu anajua. Ulitangaza."

"Wewe hujui. Mtu akijua amesamehewa, hawezi kuzunguka njia ya mtoni ndiyo asipite kwangu. Unafikiri sikuoni? Nakuona na jerikeni mgongoni ukipanda ile miamba kama mbuzi, miaka sita, ndiyo usipite mlango wangu."

"Wacha, Kalondu."

"Siwachi. Ulikosea bila kujua na mimi nilishasema..."

"Nilijua!"

Nilipiga kelele hadi jirani akatoka nje kutazama. Kisha nikamwambia kwa sauti ya chini. Nikamwambia pumba, nikamwambia kuku, nikamwambia kideri na choo. Kalondu alisikiliza akiwa ameshika sufuria yangu mkononi, maji yakidondoka.

"Kuku wangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Chungu kilikuwa kimechemka?"

"Bado."

"Ungeweza kumwaga."

"Ningeweza."

"Na ukaniacha nikasema hakujua. Mbele ya kaburi la mtoto wangu. Nimekushika mkono, na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Aliweka sufuria chini. Akaushika mchi uliokuwa umeegemea kinu, akaunyanyua, na mimi nikafunga macho. Nilifunga kwa furaha, sitadanganya. Nilisikia mchi ukitupwa chini. Nilipofumbua macho alikuwa ameshavaa viatu, anatoka. Hakuniaga, na leso yake aliiacha palepale.

Ungedhani nililia. Hapana. Nilijisikia mwepesi. Hatimaye kulikuwa na mtu mmoja duniani anayenichukia kwa kitu nilichofanya kweli, na chuki hiyo ilikuwa haki yangu, nilikuwa nimeingoja sana. Nikaona kilichobaki ni kupewa adhabu.

Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Musyimi. Huyu ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, mtu anayepiga pasi hata kitambaa chake cha jasho. Si mtu mbaya. Anapenda tu kila jambo liwe na mahali pake, na dhambi pia. Nilimweleza yote. Alisikitika kwanza, akatikisa kichwa muda mrefu, halafu akatoa kitabu cha kanuni, na nikaona anapumua vizuri zaidi.

"Dhambi iliyofichwa na kuleta madhara," akasema, akifuata mstari kwa kidole. "Kuungama mbele ya kanisa. Halafu mwaka mmoja bila kushiriki Meza ya Bwana. Baada ya huo mwaka unarudishwa."

"Mwaka mmoja tu?"

"Mmoja."

"Ongeza, mzee."

"Nthenya, hapa si duka la kupatana bei. Kanuni inasema mwaka mmoja."

"Watu wamefungwa maisha kwa kitu kidogo kuliko hiki."

"Basi wewe nenda ukaongee na Mungu kuhusu hiyo mingine," akasema, akafunga kitabu. Nilimpenda siku hiyo. Nilitoka pale na mwaka wangu mmoja, nikiwa na hakika kwamba ukiisha nitatafuta namna ya kuupanua.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana, kwa sababu Pasta Gedion, kijana anayezunguka makanisa manne, hutufikia mara moja kwa mwezi. Ilikuwa pia siku ya kumuaga Kalondu. Akina mama walikuwa wamemnunulia blanketi, limefungwa na utepe. Kalondu aliingia akakaa benchi la mbele bila kutazama upande wangu. Uso wake ulikuwa umevimba.

Mzee Musyimi aliniita. Nilienda mbele nikasema. Sikulia, sikupamba. Nilisema kama mtu anayetangaza mkutano wa maji: siku, saa, pumba, kuku wawili, choo. Niliposema "chungu kilikuwa bado hakijachemka," mwanamke mmoja wa mwethya, aliyetapika siku ile hadi akalazwa, alijifunika uso na leso. Tulisikia mabati yakilia kwa joto. Kisha minong'ono ikaanza, na sikuwalaumu. Mzee Musyimi akasimama na karatasi yake akasoma: kwa kuwa dada yetu, na kwa kuwa kanuni, basi mwaka mmoja, kuanzia leo.

Nikatembea kurudi benchi langu la mlangoni. Nitasema ukweli wote leo, kwa hiyo nitasema na huu: nilitembea na raha. Nilikuwa narudi nyumbani.

Pasta Gedion akaubariki mkate, mkate wa dukani uliokatwa vipande vidogo, na kuwapa wazee sahani wagawe. Hapo Kalondu akasimama.

"Mzee Musyimi, nina swali."

"Mwaitu, maswali tutachukua baadaye," pasta akasema kwa upole. Mwaitu ni mama, na yule kijana alilitamka kwa heshima yote.

"Baadaye niko Kibwezi. Mzee, huyu mtoto aliyekufa alikuwa wa nani?"

Mzee Musyimi aliinamisha kichwa. "Wako, mama."

"Kamati ya wazee ilinisaidia kumzaa?"

Mtu fulani upande wa vijana akacheka, akajikatiza.

"Hapana, mama."

"Mlinisaidia kumuogesha? Kumfunga nywele? Sasa mbona mmekaa mkagawa adhabu na hamkuniuliza mimi?"

"Kanuni si ya kukuumiza wewe," Mzee Musyimi akasema. Alikuwa anajikaza, na nilimwonea huruma. "Ni ya kulinda Meza ya Bwana."

"Kuilinda na nani?"

"Na... mama, na dhambi."

"Mzee, mkishailinda na wenye dhambi, atakula nani? Wewe?"

Mzee Musyimi aliitazama karatasi yake. Nafikiri hadi leo analitafuta jibu. Kalondu alikuwa ameshamgeukia Pasta Gedion, mkono umenyooka. "Pasta, nipe hiyo sahani."

Wanawake kwetu hawashiki ile sahani. Haijaandikwa popote, lakini hawashiki. Pasta Gedion alimtazama Mzee Musyimi, akalitazama kanisa, akamtazama yule mama aliyesimama mbele yake na uso uliovimba. Akampa.

Akaja. Sikia hatua za mwanamke mnene wa miaka hamsini na saba akishuka katikati ya kanisa. Kila mtu aligeuza shingo kumfuata. Aliposimama mbele yangu nilitafuta huruma machoni mwake, sikuiona hata chembe. Alikuwa amekasirika kuliko Alhamisi.

"Nimekasirika," akasema, kama vile nilikuwa nimeuliza. "Nimekasirika siku tatu, sijalala, na Kibwezi nitafika nikiwa nimekasirika. Sasa kula."

"Sistahili."

"Najua hustahili. Nani amekuuliza habari ya kustahili? Kula."

"Kalondu, niache na mwaka wangu. Niache nikae mwaka mmoja tu."

"Huo mwaka ukiisha, Mbithe atarudi?"

"Hapana."

"Kwa hivyo ni wa nini?"

Nikaitazama sahani.

"Nitakuambia ni wa nini," akasema, na hakupunguza sauti kwa ajili ya mtu yeyote. "Ni wa kukufurahisha wewe. Miaka sita umekaa hapa nyuma unafurahia hili benchi. Mimi ndiye nilizika, na mimi nikajikaza nikakaa kule mbele nikaimba. Wewe ukakaa huku ukajifanya mfiwa. Watu wakawa wanakuonea huruma, hata mimi. Ati maskini Nthenya. Ulininyang'anya mtoto, halafu ukaninyang'anya na matanga. Alhamisi nimekuja unipikie, ukakataa. Sawa. Leo mimi ndiye nakulisha."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli na sikuwa nimeyaona. Nilidhani nimejitesa. Kumbe nilikuwa nimejichagulia kiti kizuri. Adhabu ningeweza kuibeba, adhabu ina mahali pa kushika, unajitwika kichwani unatembea nayo na watu wanakuona. Lakini kipande hiki cha mkate kilikuwa cha bure kabisa. Hakikunipa kazi yoyote ya kufanya, na niliogopa. Niliogopa kuliko nilivyouogopa ule mchi.

"Unajua sasa," nikamwambia. "Unajua kuhusu kuku."

"Najua kuhusu kuku. Mwenye kuku ndiye ninayemsamehe. Yule mwingine sikumbuki jina lake."

Nikanyoosha mkono. Nikachukua kipande nikala. Kilikuwa kikavu, cha juzi. Nilitafuna muda mrefu, na machozi yakatoka bila ruhusa yangu, na nikameza.

Nilidhani atarudi mbele. Hakurudi. Aliweka sahani juu ya benchi, akakaa kando yangu mpaka ubao ukalia, akachukua kipande chake. Hakukila. Alikikamata tu kati ya vidole viwili akikiangalia.

"Na wewe kula," nikamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Umenilazimisha mbele ya kanisa zima, halafu wewe unakataa?"

"Alisema ni kichungu," Kalondu akasema. Sasa sauti ilikuwa yangu peke yangu, kanisa halikuweza kuisikia.

"Nani?"

"Mbithe. Alikula vijiko viwili akasema, mama, hiki ni kichungu. Nikamwambia wenzako hawana hata hicho. Akataka kuacha. Nikasimama pale na jembe mkononi mpaka akamaliza. Alibakisha kidogo, nikamwambia futa sahani na kidole. Alifuta huku ananiangalia."

Nikamsogelea kwenye benchi.

"Sijamwambia mtu," akasema. "Hata Kyule. Nilipokuwa nasema wewe hukujua, nilikuwa najisemea. Kila mwezi nakula huu mkate kule mbele na haushuki, unakaa hapa." Akagusa koo. "Nikafikiri nikila chakula cha mkono wako, labda kitashuka. Ndiyo nikaja na mahindi. Nilikuja kuomba, Nthenya, na wewe ukanitwika kuku wako."

Kitu cha kwanza kilichofika ulimini mwangu ni kumwambia hukujua. Nikakiuma. Mimi naijua ile dawa, nimeinywa miaka sita, haiponyi. Kitu cha pili kilikuwa kunyamaza, maana nani mimi wa kumsamehe mama wa marehemu? Mpishi ni mimi. Na hapo hasira yangu, hii hii ambayo watu huniombea iondoke, ikapanda na kunisaidia.

"Ulimlazimisha," nikamwambia.

"Nilimlazimisha."

"Nimekusamehe."

Akanigeukia, macho yametoka. "Wewe? Si ni wewe ulipika?"

"Ni mimi nilipika. Hakuna mtu mwingine hapa duniani anayejua kile chakula kilikuwa nini, ila mimi na wewe na yeye. Yeye yuko kwa Bwana na hana shida na sisi. Nimebaki mimi. Na nakuambia nimekusamehe, na ukibishana nami, Kalondu, tutapigana hapa hapa pasta akiangalia."

Mdomo wake ulipinda. Sikuweza kujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua. Mabega yalimtikisika. Nikamshika mkono uliokuwa na mkate, nikausukuma kuelekea kinywani, kama unavyomlisha mgonjwa mkaidi.

Mzee Musyimi alikuwa ameshuka hadi kwenye benchi letu. Alisimama mbele yetu na karatasi yake iliyokunjwa vizuri, kalamu mkononi, jasho kwenye paji la uso, mtu mwema aliyepoteza ukurasa. Kanisa lote lilikuwa limegeuka kutazama nyuma.

"Akina mama," akasema kwa sauti ya chini, "sasa hapa mimi niandike nini?"

Kalondu alikuwa na mkate mdomoni. Alitafuna, akameza, akangoja kidogo na mkono kooni. Halafu akamtazama.

"Andika wamekula," akasema.